Duka la Kadi Ndogo

Wewe kijana uliyemtukana mjukuu wangu Ijumaa iliyopita, dukani kwake pale stendi ya Kibiti, kama unasoma haya basi kaa kitako. Mie ndiye yule bibi aliyekuwa kwenye benchi kando ya friji, uliyempita bila hata shikamoo. Ulitaka maji ya chupa, moja tu. Ukatoa kadi yako ya benki. Sharifa akakuonyesha kile kibandiko kinachosema kadi ni kuanzia elfu kumi, ukamwita mwizi. Ukasema watu wa huku tuna roho mbaya, ukaondoka na kiu yako.

Sikukujibu siku ile kwa sababu meno yangu ya bandia nilikuwa nimeyasahau nyumbani. Leo ninayo.

Na nyie wengine mnaofungua viduka vyenu, mnaoona haya kubandika karatasi kama ile, sogeeni msikie. Sharifa ameniambia kwamba mashine ile inakata chake kila ikiguswa, iwe umenunua friji au umenunua kiberiti, na faida ya chupa moja ya maji inaishia humohumo kwenye mashine. Mashine siijui, na nikiishika naogopa nitaiharibu. Lakini kadi nazijua sana. Nimeuza kwa kadi kabla baba zenu hawajaanza kunyoa ndevu. Mnacheka? Haya, chekeni, mkimaliza niendelee.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliokulia kwenye foleni za duka la ushirika, tukisukumana viwiko kwa kipande cha sabuni, ghafla tukaona kila kitu kipo. Mitumba, tochi, betri, mafuta ya nywele ya rangi usizozijua. Vitu vikawa vingi, fedha ndiyo ikawa haionekani. Mie wakati huo nilikuwa nimeachika, na sioni aibu kulisema. Mume alinipa talaka yangu huko Dimani, nikarudi kwa mama Kibiti na sanduku moja la bati. Mama akanivumilia kidogo, kisha akaniambia, "Somoe, hutakaa hapa unahesabu kuku wa watu. Nenda Kiongoroni kwa mjomba wako. Ana duka na hana mtu."

Huyo mjomba ni Shawali, kaka yake mama. Mtu wa miraba minne, sauti ndogo ya kama anaomba radhi. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake mmoja kaolewa Nyamwage, kule barabarani. Alikuwa mvuvi, akauza mtumbwi na nyavu zake zote akafungua duka, kwa kuwa kifua chake kilikuwa kibovu na maji ya baridi hayawezi tena. Kwa hiyo jueni tangu mwanzo: lile duka halikuwa mchezo wake wa uzeeni. Shamba hana, chombo hana, nyavu hana. Duka likifa, Mjomba hana pa kushika.

Chumba chenyewe kilikuwa cha fito na udongo, bati juu, meza ya mikoko mbele. Humo ndimo nilimojifunzia kazi. Alinifundisha kukata mche wa sabuni kwa mshipi wa kuvulia uliolowanishwa, usitumie kisu, maana kisu kinamwaga unga wa sabuni na ule unga ni mali. Alinifundisha kuweka chumvi juu ya mbao, kamwe isiguse chini, kwani kule delta, mto unapomwagika baharini, ardhi yenyewe inatoka jasho. Mafuta ya taa ukiletewa, chovya kijiti, choma. Kikilia chwaa, umeuziwa maji. Sukari ifunge kwa gazeti kabla mteja hajafika, ili mkono wako usitetemeke ukiona sura ya mtu unayempenda. Hilo la mwisho yeye mwenyewe hakuliweza hata siku moja. Alikuwa anafunga mbele ya mteja, anaongeza na kidole.

Sasa kadi. Alikuja tajiri mmoja kutoka Dar es Salaam, akaanza kununua kamba wa delta. Alileta masanduku ya barafu kwa boti ya mashine, akaweka mizani pwani ya Kiongoroni na mtu wa kupima. Fedha taslimu hakuleta. Alisema anaogopa majambazi wa njiani, na huenda alisema kweli. Ukishapima kamba wako, unaandikiwa kadi, kipande cha karatasi ngumu ya waridi chenye uzito, thamani na muhuri. Kila mzani, yaani kila unapopima, na kadi yake. Kadi hiyo unaileta dukani unanunua mahitaji. Mwenye duka anazikusanya, anapanda boti mpaka Nyamisati, anapanda lori mpaka Kibiti, na huko kwenye ofisi ya tajiri ndiko kadi zinakogeuka fedha.

Fungueni masikio hapa, maana jambo lote liko hapa. Karani wa ofisini alikuwa anakata fedha kwenye kila kadi, akiita gharama ya uhakiki. Hakukata kwa thamani ya kadi. Alikata kwa kadi. Mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa, aliyejaza kapu, na mwanamke aliyetanda, yaani aliyevuta kanga kama wavu kwenye maji ya magoti, akapata kamba wa kikombe kimoja, kadi zao zilikatwa sawasawa. Kwenye kadi kubwa yale makato huyasikii. Kwenye kadi ndogo yanakula faida yako yote, yakimaliza yanageukia mtaji. Kwa maneno mengine, ukimuuzia mtu sukari kwa kadi ndogo, umempa sukari na umelipa wewe ili akubali kuichukua.

Mie nilikuwa mpya, lakini akili yangu ya biashara haikuwa imelala. Mwezi wa kwanza tu nilimwambia.

"Mjomba, tuandike kibao. Kadi ndogo hatupokei."

"Tumwandikie nani? Biti Mbonde hajui kusoma."

"Basi nitamwambia mie kwa mdomo."

"Utamwambiaje?"

"Kwamba akusanye kamba wake mpaka wawe wengi, ndiyo akapime."

Mjomba akanitazama kwa huruma. "Kamba wanakusanywa, mama? Wale ni mahindi?"

Biti Mbonde huyo alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye maneno machache. Mume alikwenda kukata boriti za watu akapotelea hukohuko, yeye akabaki na mama yake kipofu. Kila siku maji yakipwa anatanda, anapata hicho kikombe chake, anapima, anakuja na kadi ndogo imelowa mkononi. Majani ya chai na sukari, basi. Yule mama kipofu hakuwa akilala asipokunywa chai, alikuwa anakaa kitandani anaita watu waliokwisha kufa. Mjomba alijua hilo. Alikuwa anamfungia Biti Mbonde sukari kabla hajakanyaga kizingiti.

Nisiwafanye mdhani tulikuwa tunalia tu. Mjomba alikuwa na vituko. Kadi zile zilivuta unyevu, muhuri unapauka, na karani wa Kibiti akiona muhuri umepauka anakurudishia uende nayo kwenu. Basi Mjomba akazifukia ndani ya gunia la mchele zikauke. Siku moja nimekwenda kisimani, akaja mtu wa harusi kununua mchele, Mjomba akampimia mchele na kadi zake humo. Wapishi walipokuwa wanachagua mchele wakazikuta kwenye ungo, wakadhani wametunzwa. Wakazileta palepale dukani kununulia sabuni na karafuu. Mie nikazitambua mara moja.

"Mjomba, hizi si zetu?"

"Nyamaza," akaninong'oneza. "Ni harusi." Akawafungia karafuu, akashukuru.

Nilicheka siku ile mpaka nikaketi chini. Usiseme nilikuwa najua ninachokicheka.

Halafu ng'ambo ya kijito akafungua duka kijana mmoja, Mahamudu, mjanja, mtanashati, kalamu sikioni. Siku ya kwanza tu akatundika kibao: kadi ndogo hapana. Mie nikafurahi kweli. Nikajua watu watamchukia, watajaa kwetu. Na kweli wakajaa, ila waliojaa ndio wale wa kadi ndogo, wote, wa kijiji kizima. Wenye kadi kubwa wakavuka kijito, kwa kuwa kwa Mahamudu rafu zimejaa, kuna nyavu, kuna betri, kuna maziwa ya kopo. Hawakutuchukia. Walipita mbele yetu wakitusalimia vizuri kabisa, mkononi wamebeba kadi ambazo zingetuokoa. Watoto wakatupa jina: Duka la Kadi Ndogo. Mtoto anatumwa, anaambiwa, "Nenda kule kwenye kadi ndogo," naye anajua ni wapi.

Mie ndiye niliyekuwa nakwenda Kibiti na bunda la kadi. Bunda nene, ukiliona utasema huyu dada tajiri. Karani anaziweka moja moja, anagonga, anakata, anagonga, anakata. Nikitoka pale nina fedha pungufu ya mali iliyotoka dukani. Nilimsihi yule karani. Nikamwambia, "Kaka, hawa wanawake ni majirani, wanatanda pamoja, hebu wahesabu pamoja." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. Akasema, "Dada yangu, miye nafuata mzani. Kila mzani kadi yake. Ukiniletea mzani mmoja, nitakata mara moja."

Njiani kwenye lori, nimekaa juu ya magunia, lile neno likanizunguka kichwani. Mzani mmoja. Jamani, si kapu moja tu! Nilifika Kiongoroni sijala, nikawaita wanawake. Nikawaambia, kila mtu apime kamba wake kwa kikombe mbele ya wenzake, kisha wote mimineni kwenye kapu moja, lipimwe mara moja, mpate kadi moja kubwa, mje nayo dukani pamoja mgawane kwa vikombe. Waliguna, walibishana kama kamba wakubwa na wadogo ni sawa, mwisho wakakubali.

Nawaambieni, ule ulikuwa wakati wa raha. Wanawake walikuwa wanakuja dukani kwa pamoja, kanga zimelowa mpaka viunoni, kelele, utani, huyu anataka chumvi, huyu mafuta ya taa, huyu anamwambia mwenzake, "Sogeza hilo tako, hujalilipia nafasi." Mjomba anafunga vifurushi anacheka kwa ile sauti yake ndogo. Rafu zikaanza kuonekana tena na kitu. Tukanunua katoni ya maziwa ya kopo. Mjomba akaipanga mwenyewe, akarudi nyuma akaitazama.

Sasa sikieni lilivyovunjika. Ulikuja wakati wa maji mabaya, kamba haba. Biti Mbonde siku moja alipata wachache mno, akaona haya kuja mbele ya wenzake na nusu kikombe. Akawafunika kwa majani mabichi, akawaweka kivulini, kesho yake akaongeza waliopatikana, kikombe kikajaa. Akamimina kapuni bila kusema. Yule mtu wa mizani alipofungua kapu, harufu ikamwambia. Kule kwenye barafu kamba mmoja aliyelala anachafua sanduku zima, kwa hiyo hakuchagua wazima na wabovu. Alilishika kapu la wanawake wote, akalimwaga majini mbele ya macho yao.

Hakuna aliyempiga Biti Mbonde. Ningeona afadhali wangempiga, yakaisha. Walikusanya kanga zao wakaondoka kimya, kila mtu na njia yake, na toka siku hiyo kila mtu akapima peke yake. Kadi ndogo zikarudi mezani kwetu. Biti Mbonde akawa haji. Mjomba ndiye aliyekuwa anafunga sukari na majani, ananipa nimpelekee. Nikifika mlangoni anapokea bila kunitazama, na ndani namsikia mama yake anauliza, "Nani huyo? Ni Mwanaidi?" Mwanaidi alikuwa dada wa huyo mama kipofu, alikwisha kufa zamani.

Nilimwambia Mjomba tena. Safari hii nililia. "Weka kiwango, Mjomba. Nakuomba. Duka linakwisha."

"Najua," akasema.

"Unajua, na hufanyi?"

"Somoe, mie nimekaa na hawa watu tangu nazaliwa. Nikiwa naumwa kifua ndio walionichemshia dawa. Anakuja mtu na kadi yake, kaipata kwa kusimama majini kutwa, niitazame nimwambie haitoshi? Mdomo wangu unakataa."

Niliona hasira. Nilimwona mjinga, wallahi. Leo simwoni mjinga, lakini pia sisemi alifanya sawa. Hayo yote mawili ninayo na hayajapatana mpaka leo.

Lilipokufa, duka halikufa kwa kishindo. Kuna ufundi wa kupanga duka tupu, nyie mtaujua kama biashara itawageuka: unaweka makopo mstari wa mbele tu, nyuma hamna kitu, na boksi tupu unazipanga juu zionekane. Tulipanga hivyo mpaka mstari wa mbele nao ukawa na mapengo. Mwenye duka la jumla Kibiti akaninyima mali. Mjomba akauza mizani, na mnunuzi alikuwa Mahamudu. Alikuja kuichukua kwa adabu, akatupa bei nzuri, akasema, "Samahani, mzee wangu." Mjomba akamwonyesha jiwe moja la mizani lililokuwa na kasoro, ili asije akawapunja watu bila kujua.

Na wale wanawake? Kwa kuwa Mahamudu hakupokea kadi zao, walianza kumuuzia kamba mtu wa kupita kwa bei ya kutupa, au kula wenyewe. Mnaelewa? Huruma ile iliyofungua mlango ndiyo iliyoufunga, kwa wote. Mjomba akaenda Nyamwage kwa binti yake, akawa anakaa barabarani anauza mafungu ya mihogo. Mie nikarudi Kibiti.

Nilianza na genge la nyanya, likawa meza, likawa duka. Watu wa delta walikuwa wakija Kibiti na kadi zao, kwa hiyo nami nilizipokea, zile kubwa. Kibao niliandika mwenyewe kwa mkaa kwenye kipande cha mbao: KADI NDOGO HATUPOKEI. SAMAHANI. Nilitukanwa. Niliitwa mchawi wa Kindengereko, niliitwa Mhindi mweusi, kuna mwanamke aliniambia ndiyo maana uliachika. Nikifunga mlango nilikuwa naumia. Lakini asubuhi nilifungua, na kila aliyekuja na fedha yake alikuta chumvi, alikuta sabuni, alikuta kwinini. Miaka yote hiyo.

Mjomba alikuja asubuhi moja, ametoka kituo cha afya. Nilimtambua kwa kukohoa kabla sijamwona. Koti lilikuwa linamning'inia, ile miraba minne yote imekwisha. Duka limejaa wateja, na pembeni amesimama mzee mmoja wa delta ambaye punde tu nilikuwa nimemkatalia kadi yake, bado hajaondoka, anaitazama tu sukari.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba, mama." Hakuingia. Alisimama anasoma kibao changu polepole. Kisha akatabasamu. "Umeandika samahani. Mahamudu hakuandika."

Akaingiza mkono kwenye koti akatoa kadi ya waridi. Ndogo. Akaishika kwa vidole viwili, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Wanawake wa Kiongoroni wamenitumia," akasema. "Wamesikia naumwa. Wamerudia lile kapu."

"Wote?"

"Wote. Biti Mbonde ndiye aliyewapitia nyumba kwa nyumba. Maji mabaya, hawakupata kitu cha maana. Lakini wamepima mara moja."

Nikanyoosha mkono. "Lete, Mjomba. Nikupe sukari, majani, mkate. Lete."

Hakuleta. Alimgeukia yule mzee niliyemkatalia. "Na huyu?" akaniuliza. "Kadi yake na yangu zina tofauti gani?"

Nikaurudisha mkono wangu.

"Usiipokee hii," akasema, na sauti ilikuwa ileile ndogo. "Ukiipokea, kesho watajua, watakuja na zao, na wewe mdomo wako utakataa kusema hapana, kama wangu. Ukishapokea moja umepokea zote. Mie duka ndivyo lilivyoniponyoka." Akairudisha kwenye koti. "Lakini chai naitaka. Sasa nipe kama mpwa wangu, usinipe kama mwenye duka. Toa fedha yako wewe, ununue hapo, ndiyo unipe."

Kwa hiyo nilifungua fundo la kanga mbele ya wateja, nikatoa fedha yangu, nikaitia kwenye droo yangu mwenyewe, nikajipimia sukari kama mgeni. Nikawasha jiko la mkaa nyuma. Nilipoleta kikombe akasema, "Na huyu mzee mwenzangu mpe." Wakakaa kwenye benchi wawili, wanakunywa, wanaulizana habari za maji na za watu. Mjomba alikuwa anapenda sukari nyingi mno, kijiko kisimame. Nilimtilia alivyotaka. Alikunywa viwili.

Tangu siku ile ndivyo nilivyoifanya kazi yangu, na ndivyo nilivyomfundisha mama yake Sharifa, na Sharifa mwenyewe. Droo ni ya duka. Ukitaka kumwonea mtu huruma, fungua fundo lako. Wewe kijana wa Ijumaa, ungesema una kiu na fedha taslimu huna, mjukuu wangu angekuchotea maji ya mtungi, yana baridi kuliko hayo ya chupa, na mie ningekusogezea benchi. Hukusema. Ulitoa kadi na tusi.

Mjomba hakumaliza masika. Tulimzika Nyamwage, mvua inanyesha, na kaburi lilikuwa linaingia maji, vijana wakawa wanachota kwa ndoo mpaka dakika ya mwisho. Binti yake alinipa lile koti, akasema mzee alisema ni langu. Kadi ilikuwemo mfukoni. Ofisi ya tajiri ilikuwa bado ipo Kibiti wakati huo, ningeweza kuipeleka ikakatwa, nikapata kilichobaki. Sikuipeleka. Nililia kwa ile kadi kuliko nilivyolia kaburini.

Wanawake wa Kiongoroni walifika baada ya maziko, njia zilikuwa mbaya, wametapakaa tope mpaka kwenye mapaja. Wakaingia matangani, tukashikana, tukalia. Biti Mbonde akaja akaketi mkekani karibu yangu. Nywele zimekuwa nyeupe. Mama yake alikuwa amefariki siku nyingi, aliniambia. Kisha akaniinamia sikioni.

"Somoe, kadi yetu ilimfikia?"

"Ilimfikia."

"Alinunulia nini?"

Kadi ilikuwa kwenye fundo la kanga yangu pale pale, nilikuwa nimeishika kwa nje ya kitambaa. Nikamtazama yule mwanamke. Nikakumbuka lile kapu likimwagwa majini, na yeye amesimama na kikombe chake kitupu.

"Alikunywa chai," nikamwambia. "Ya sukari nyingi. Alikunywa vikombe viwili."

Alifumba macho. Machozi yalitoka hivyo hivyo, macho yamefumbwa.

"Kwa hiyo tulimfaa," akasema.

"Mlimfaa," nikasema, nikalikaza lile fundo.